Nyuma ya Nguzo za Skopje

Bibi ninayemuuguza huko Al Wukair, pembeni mwa Doha, alizaliwa Skopje, na hajawahi kunipa nafasi ya kulisahau jambo hilo. Nikimpikia supu, ananiambia supu ya Skopje ina ladha. Nikifungua dirisha, upepo wa Doha unasomewa mashtaka. Mwanawe ni mhandisi hapa. Alimleta bibi baada ya mumewe kufariki, akamweka kwenye kompaundi ambayo nyumba zote zimefanana kabisa. Siku ya kwanza bibi alitoka kunyoosha miguu, akarudi akaingia kwa jirani na kumkaripia kwa kuhamisha sofa.

Mimi ni nesi. Kazi yangu kubwa ni kumtia dawa machoni, kwa sababu presha ya macho inamnyang'anya mwanga kidogo kidogo, na daktari alikwishatuambia wazi kwamba kinachopotea hakirudi. Alikuwa bado anaona picha akiisogeza karibu na pua. Ndipo akasikia kwamba kikundi chetu cha kanisa kinapanga kwenda Skopje.

Nikieleze hicho kikundi. Wakenya watatu wakikutana ugenini, wa kwanza anakuwa mwenyekiti, wa pili mweka hazina, na wa tatu ni wa kulalamika. Mimi ndiye wa tatu. Tunakutana Ijumaa baada ya ibada, Abu Hamour, mtaa wa makanisa wa Doha, na mwaka huo kamati ilikata shauri kwamba likizo ya Idi lazima tukanyage Ulaya. Ulaya ya watu wenye pesa ilitushinda. Skopje ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa nafuu na viza zilitoka, wala si kwa sababu kuna mtu aliyeweza kuionyesha kwenye ramani. Mwenyekiti, kijana wa kompyuta mwenye sauti ya kuhubiri, akatushonea fulana za manjano zilizoandikwa DOHA HADI ULAYA.

"Uniletee picha ya nyumba yetu," bibi akaniambia, amenishika mkono.

Alikuwa mtoto mdogo tetemeko la ardhi lilipoulaza mji ule alfajiri moja. Waliishi kwenye hema. Halafu mataifa yakaja kusaidia, michoro ikaletwa mpaka kutoka Japani, na mji ukainuliwa upya kwa saruji. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliomimina saruji ya jengo ambalo baadaye walipewa nyumba ndani yake.

"Saruji tupu, binti. Bila rangi, bila mapambo. Ukiipapasa unakuta alama za mbao ambazo baba alimiminia saruji. Nataka kuiona mara moja tu, kabla hamjaanza kunishika mkono kwenda msalani."

Nikamwahidi. Nampenda bibi yule, mdomo wake na yote.

Skopje ina daraja la mawe la zamani sana, na ng'ambo yake kuna soko la enzi za Waturuki lenye vichochoro, misikiti, na hamamu ya makuba, bafu la umma la zamani ambalo siku hizi wanatundika picha ndani. Upande ule ningeweza kushinda wiki nzima. Kamati iliupa muda wa kununua sumaku za friji. Tukaenda pia kwenye kituo cha zamani cha treni kilichobomoka, ambacho saa yake imeachwa palepale iliposimama siku ya tetemeko. Mwenyekiti akaangalia saa yake ya mkononi, akasema hiyo yao imechelewa.

Upande wa pili wa mto ndio ulionipandisha hasira. Miaka ya karibuni wakubwa wa mji waliona haya kwa saruji yao, wakaamua kwamba uzee walio nao hautoshi, wakajinunulia mwingine mpya. Masanamu yamejaa mpaka unaliomba radhi moja kwa kulikanyaga, kumbe umegeukia jingine. Kuna jamaa juu ya farasi, mrefu kuliko ghorofa, na simba wa kumlinda. Mbele ya kila sanamu tulijipanga tukapigwa picha, na aliyepiga akabadilishwa ili naye awemo, maana kwetu picha isiyo na mtu mmoja ni ugomvi wa mwaka mzima.

"Kwani huyu ni nani?" mtu akauliza.

"Mwanzilishi," mwenyekiti akajibu. Alijibu hivyo kwa wote, pamoja na sanamu la mwanamke aliyebeba pochi.

"Aki hii si Ulaya," mweka hazina akasema. "Hii ni ile mall yetu ya Doha yenye mfereji na mawingu ya kuchorwa darini, wametoa tu ile AC."

Nilicheka mpaka nikafika kwenye jengo la bibi. Hapo kicheko kikaniisha. Namba ilikuwa ileile, na njia ya kupita chini ya jengo ilikuwepo kama alivyonielekeza. Lakini mbele lilikuwa limevishwa nguzo nyeupe, maua ya plasta na vibaraza visivyo na mlango wa kuvifikia. Niligonga nguzo moja kwa kidole, ikalia kama kabati tupu. Nikapiga picha kila upande wa mbele, nikitafuta hata kipande kidogo cha saruji. Sikukipata. Kusema kweli nilitaka kulia.

"Sista, tumechoka," mwenyekiti akaniita. "Twende tule. Hiyo nyumba haihami."

Mweka hazina alikuwa hali chakula cha watu asiowajua. Alikuwa ameamkia chapati kwenye jiko la pale tulipopanga, akabeba na chupa ya chai. Kwa kuwa tuliona aibu kula mbele ya mikahawa ya watu, tulipita chini ya jengo tukatokea uani, penye mapipa ya taka, tukala tumesimama. Halafu mwenyekiti akatangaza picha.

"Hapa? Kwenye mapipa?" nikamuuliza.

"Sista, kumbukumbu ni kumbukumbu."

Ilipigwa. Mimi nimesimama mwisho, nimevuta mdomo, fulana ya manjano juu ya koti, chapati mkononi.

Tuliporudi, nilikwenda Al Wukair na picha zangu nilizozichagua kwa uangalifu. Bibi akaisogeza simu mpaka ikamgusa pua. Akaitazama picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akanirudishia simu.

"Hukwenda," akasema.

"Nilikwenda, Mama."

"Hii ni mall ya hapa. Mwanangu alinipeleka, nguzo hizi nimeziona. Kama ulishindwa kwenda ungesema. Mimi ni kipofu mtarajiwa, si mjinga."

Sijawahi kuumizwa na mgonjwa namna ile, na nimeshatemewa mate. Saa ya dawa ikafika. Nilimtia matone, nikamfuta, na wakati akingoja ukungu wa dawa umtoke nikawa napitisha picha nyingine kwenye simu, nikitafuta ushahidi wowote kwamba niliwahi kukanyaga mji ule. Ikatokea ile ya uani. Nikamwekea mkononi, ili angalau atuone tumevaa makoti, ajue haikuwa Doha.

Akaisogeza puani. Kidole chake kikapanda juu ya vichwa vyetu, polepole, kikafuata ukuta wa nyuma. Nguzo hazikufika huko. Pesa au aibu iliishia mbele. Ukuta ulikuwa wa kijivu, wenye mistari ya mbao kutoka chini mpaka juu, na kibaraza kidogo chenye chuma cha kuanikia nguo.

"Jiko letu," akasema. "Mama alikuwa akiniita kutoka pale."

Nikamwambia ndiyo, Mama, ndilo, ingawa nilikuwa nimekula chapati nzima chini yake bila kuinua macho.

Akajaribu kutufunika kwa kiganja, mwenyekiti, mweka hazina na chupa yake, na mimi na mdomo wangu. Kila alipotufunika sisi, ukuta nao ukafunikwa. Akaileta simu karibu zaidi, jicho lake lenye nafuu likitoka machozi ambayo hayakuwa dawa.

"Binti," akasema, "waambie wasogee kidogo."