Wa Tatu Kwenye Santuri

Mjomba wangu ni fundi makochi. Kazini huwa na misumari midogo mdomoni, ndiyo maana wateja humwona mpole: mwenye misumari mdomoni hajibizani na mtu. Nyumbani hana misumari, na bado haongei. Chumbani kwake kuna makochi mawili ya maana ambayo hakuna anayeyakalia ila mimi, nikienda Jumapili kummalizia sukari.

Zamani walikuwa watatu: mpiga piano, mpiga ngoma, na yeye mwenye besi, lile dubwana la mbao lenye nyuzi nne, refu kuliko mwenyewe. Walipiga jazi ya taratibu hotelini, bila mwimbaji. Piano inauliza, ngoma zinajibu kwa brashi kama mtu anayefagia uwanja, besi inatembea chini yao wasianguke. Walirekodi santuri moja tu. Fundi mitambo akaweka maikrofoni puani kwa piano, besi ikasikika kwa mbali kama jirani anayehamisha meza. Kwa hiyo Mjomba husikiliza akiwa ameweka kiganja juu ya spika. Siku moja aliuvuta mkono wangu akauweka pale. "Hapa nipo," akasema. Kweli, mbao za spika zilikuwa zinatetema.

Wenzake wote wawili wameshakufa. Mwaka huu mashine ya santuri nayo ikafa, kipuri hakuna. Miezi miwili Mjomba hakulalamika, hapo ndipo nilipoogopa. Mimi msomi wa nusu stashahada nikajitia kimbelembele: nikaipeleka santuri kwa jamaa anayehamisha nyimbo, nikamletea Mjomba kwenye simu. Njiani nilijisifu mpaka nikachoka.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kiganja juu ya simu. Akaihamishia juu ya kabati, akaweka tena.

"Wenzangu wapo," alisema. "Mimi simo."

Spika ya simu ni kijidude kama punje ya kunde. Besi haipiti pale. Nikasema nitatafuta spika kubwa. Akasema haidhuru, piga tena.

Nikapiga. Mjomba akasimama, mgongo kwenye kabati, akaanza kuimba sehemu yake kooni, bila maneno, vidole vikivuta nyuzi zisizokuwepo. Hakukosea hata mahali pamoja. Ukafika ule wakati wenzake hunyamaza ili besi ibaki peke yake. Simu ikawa kimya kabisa. Yeye akaendelea.

Nilikishika kikombe kisigonge sahani, nikaomba wale wawili warudi upesi.