Mheshimiwa na Jimbo la Uhakika

Nilipokuwa nafanya kazi katika ofisi ya chuo kule Braamfontein, miaka michache baada ya zile fujo za wenyeji kuwapiga wahamiaji, tulimpokea Mwingereza mmoja aliyekuja kufundisha kwa muhula mmoja. Alikuwa amewahi kuwa mbunge kwao, hata naibu waziri kwa muda mfupi. Kisha chama chake kikaanza kuushambulia Umoja wa Ulaya, naye akagoma kuimba wimbo huo. Jimboni kwake wakamnyima uteuzi. Tangu hapo kazi yake ikawa kuzunguka kwenye kumbi za makanisa na vyumba vya juu vya baa, akiwaeleza watu kwa nini Uingereza ibaki pamoja na jirani zake.

Nilitarajia mtu mwenye kinyongo. Nikamkuta mzee mrefu, mcheshi, anayependa kubishiwa. Mwanafunzi akiuliza swali bovu, alilinyoosha kwanza likawa zuri, ndipo akalijibu, na mwanafunzi akaondoka akiamini ameuliza jambo kubwa.

Siku moja aliniuliza kama mjini hapa kuna watu wa nchi mbalimbali wanaojaribu kukaa katika umoja mmoja. Nilicheka. Nikamwambia Jumapili twende mtaa wa Troyeville.

Chama chetu cha kuzikana kilikuwa na Watanzania, Warundi na Wakongo, Waislamu kwa Wakristo. Tulikutana mchana katika ukumbi wa kukodi, tukagombana kwa Kiswahili cha kila aina. Jumapili ile fundi magari mmoja kutoka Tanga alikuja kuaga, maana alikuwa anahamia Durban. Kwetu mtu hajitoi kwa ujumbe wa simu. Lazima aje mwenyewe, asimame mbele ya wale ambao wangebeba jeneza lake, aseme sababu, na amjibu kila anayetaka kumuuliza. Walimhoji fundi mpaka jasho likamtoka, kisha wakampigia makofi na kumpakulia pilau.

Mgeni alifuatilia yote hayo, nami nikimtafsiria sikioni. Alipopewa nafasi ya kusalimia, alitushangaza. Aliwaeleza juu ya kumbi anazozungukia, kisha akasema amepigiwa simu kutoka kwao. Mbunge mmoja amejiuzulu, na chama chake cha zamani kinamtaka agombee. Jimbo ni la uhakika. Sharti ni moja tu: Ulaya asiitaje tena. Jibu linatakiwa kesho yake asubuhi.

"Nautaka ubunge," alisema. "Sitawadanganya. Naukumbuka kila siku."

Ukumbi ukachangamka.

"Chukua, Mheshimiwa!" alisema Mzanzibari muuza simu. "Ukishakaa kitini nani atakushusha? Hapo ndo useme mpaka koo likukauke."

"Eish! Mwanasiasa anaomba ruhusa ya kudanganya," akadakia kinyozi wa Hillbrow, Mkongo. "Papa, si hiyo ndiyo kazi mulisomea?"

Tulicheka sote. Mgeni alicheka mwisho, nilipomaliza kutafsiri, na alicheka kwa muda mrefu kuliko sisi.

Mwenyekiti wetu, mama wa Kirundi, alingoja kelele zitulie. "Hao watu wako wa kwenye kumbi," aliuliza, "utaenda kuwaaga?"

Mzee aliniomba nirudie swali.

"Watasoma gazetini," alijibu.

"Basi utakuwa umetoroka, Muheshimiwa. Nenda usimame mbele yao kwanza."

"Mama nawe!" Mzanzibari akapinga. "Ukumbi kwa ukumbi? Uchaguzi utakuwa umekwisha, kiti kimekaliwa!"

Mama akamwambia mgeni ale, chakula kinapoa.

Tulirudi kwa miguu. Tuliposimama kwenye robot, zile taa za barabarani, kusubiri magari yapite, mzee alisema amekuwa akijaribu hotuba ile kichwani tangu tutoke ukumbini: amesimama mbele ya watu wake, anawaeleza kwa nini anakwenda. "Sababu ninazo," alisema. "Nikiwaza sura zao, hakuna hata sababu moja inayotoka mdomoni."

Asubuhi alipiga simu kutoka ofisini kwetu, mlango ukiwa wazi. Alikataa kwa maneno machache ya adabu, akashukuru, akauliza hali ya mke wa yule aliyempigia. Alipoweka simu chini, mkono wake ulibaki juu yake. Nilimwekea chai. Ilipoa mbele yake. Umri wake ulikuwa umekwenda, na sote wawili tulijua kwamba mlango ule wa ubunge haungefunguliwa tena.

Nimewaona wanasiasa wengi wakishindwa, wachache sana wakishindwa kwa hiari. Nafasi ile alipewa kijana mmoja wa chama, akashinda bila kutoa jasho. Siku matokeo yalipotangazwa, mzee alimwandikia kumpongeza, pongezi za kweli, na papo hapo akamwalika kwenye mdahalo juu ya Ulaya, katika ukumbi wowote atakaouchagua. Hakujibiwa. Wiki iliyofuata akaandika tena.