Tiramisu ya Kibuyuni

Kila Jumapili Bibi alitangulia kwa harufu. Kabla hajabisha hodi kwetu Binza, mjini Maswa, ulitufikia moshi wa vibuyu vyake vya maziwa, maana alivifukiza kwa kijinga cha moto kabla ya kukamulia, kama mama yake alivyomfundisha. Msimu ninaoukumbuka, moshi ule ulipambana na harufu ngeni. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, malori ya wanunuzi binafsi wa pamba yalitutimulia vumbi kutwa, na madukani kulikuwa na biskuti za pakiti na kakao ya kopo, tukizitazama na kumeza mate bila aibu. Harufu yenyewe, ya kahawa, aliileta shangazi Kabula, dada yake baba. Alikuwa amerudi kutoka Mwanza, alikokuwa akipikia familia ya Waitaliano mpaka walipofunga virago. Alikuja na sanduku moja na hamu moja: apewe chumba chetu cha mbele afungue mgahawa.

Bibi, mama yao, hakutaka hata kusikia. Alitaka binti yake arudi kwao Sola, kwenye pamba na ng'ombe, akae karibu naye. Baba, mtu mkali kwa kila mtu isipokuwa mama yake, alisema chumba ni cha Shangazi endapo Bibi ataridhia. Shangazi akaamua kumlainisha kwa tiramisu, chakula ambacho Waitaliano wale walikila siku za furaha: biskuti zilizochovywa kwenye kahawa, zikapangwa tabaka kwa tabaka na krimu, juu ikanyunyizwa kakao. Kasheshe ilikuwa krimu. Mjini haikupatikana. Kitu cha karibu nayo kilikuwa ule utando mzito unaoelea juu ya mtindi, na utando huo ulikuwa ndani ya kibuyu cha Bibi. Ili amlainishe mama yake, ilibidi amwombe kwanza.

Jumapili ilipofika, baada ya kumwamkia "mwadila" na kumpa maji, Shangazi alipiga magoti akaomba. Bibi alilitazama bakuli jipya la bati, lenye maua mekundu, lililokuwa likisubiri mezani.

"Maziwa yangu hayaingii kwenye bati," akasema. "Ng'ombe atakauka. Kama unataka, weka kwenye kibuyu."

"Mayu," Shangazi akamwita mama yake kwa Kisukuma, "hiki chakula kinawekwa kwenye bakuli."

"Basi hao Waitaliano wako wakupe na ng'ombe."

Mama yangu alikimbilia uani kwenda kucheka. Shangazi hakucheka. Alipokea kibuyu kipana kilichopasuliwa, alichokuja nacho Bibi, cheusi ndani kwa moshi wa miaka mingi. Akapiga viini vya mayai na sukari kwa mwiko mpaka vikawa laini na kupauka, akavikoroga na ule utando, akapanga biskuti zake. Friji hatukuwa nayo, kwa hiyo kibuyu kilifunikwa kikawekwa kwenye mchanga uliolowa, chini ya mtungi wa maji. Sisi watoto tulishikwa na kiu ya ajabu mchana ule, hatukubanduka mtungini.

Alasiri Shangazi alionja wa kwanza, na uso ukamshuka. "Inanuka moshi," akasema, machozi yakamtoka mbele yetu sote. Nilimwonea uchungu, nikaichukia Sola pamoja na ng'ombe wake. Bibi akavuta kibuyu, akachota kijiko, akatafuna polepole ingawa hapakuwa na cha kutafuna. Akachota tena. Kijiko cha tatu kilikuwa kimejaa.

"Unalia nini? Huo moshi ni wa kwetu," akasema. "Mimi nilifikiri umetusahau huko." Kisha, bila kuacha kula, akamgeukia baba. "Hicho chumba kina dirisha? Watu wakila wanataka hewa."

Mgahawa ulifunguliwa kabla msimu wa pamba haujaisha. Siku za kawaida ulikuwa wa chai na chapati, na Jumapili wa tiramisu, kwa maziwa ya Bibi, kwenye vibuyu vya Bibi. Ng'ombe hakukauka.

Leo naishi Bariadi. Nina friji na bakuli la kioo, krimu nanunua ya boksi, na wanangu hawajui kutamani biskuti ya dukani. Sitaki kudanganya: maisha haya ni mepesi, na siyabadilishi na yale. Tiramisu yangu inapendeza hata kupigwa picha. Lakini Shangazi, ambaye sasa ni mzee kuliko Bibi wa siku ile, akija kunitembelea hula kijiko kimoja cha adabu, akaweka chini. Mwezi uliopita nilitafuta kibuyu, nikakifukiza uani mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna kinachoungua. Nilipokileta mezani kikiwa na tiramisu, Shangazi hakugusa kijiko. Aliinama, akavuta pumzi, akafumba macho.

"Mayu kafika," akasema, akasogea kidogo kwenye kochi, kuacha nafasi.