Mwili Makutupora, Moyo Gulwe

Alhamisi alipozikwa mwenzetu wa shambani, tulijaa sebuleni kwake Ipagala: dada yake aliyeshuka kutoka Kondoa, wakwe zake wawili, jirani yake mwenye mashine ya kusaga, binti yake wa pekee, na sisi wanawake wanne tuliobaki kati ya saba tuliopogoa naye mizabibu Makutupora. Majina ninayo yote, hata ya waliochungulia mlangoni wakaondoka, ila mnajua safu hii haitaji mtu.

Kupogoa si kukata kuni. Tawi moja unaliondoa, jingine unaliacha na macho yake mawili matatu, na hayo ndiyo yatakayozaa. Mwaka mmoja binti yangu alikuwa Gulwe, anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza, nami nikawa nasita: niende, au nibaki nisipoteze kibarua? Nikabaki, lakini kazini sikuwepo. Nilipogoa mstari mzima kinyume, matawi ya kuzaa yakalala chini, makavu yakabaki juu. Wenzangu walicheka, mmoja akasema hata mbuzi angepogoa vizuri kuliko mimi. Yeye tuliyemzika hakucheka. Alininyang'anya mkasi, akanikalisha mchangani, akaniambia nisiseme neno mpaka niisikie pumzi yangu mwenyewe. Nikadhani ananichezea. Kisha akasema, "Mdogo wangu, mwili uko Makutupora, moyo uko Gulwe. Panda gari uufuate moyo wako, au uite urudi. Ukikaa katikati unatudhulumu wote, sisi na mtoto wako." Nikaenda. Mjukuu nilimpokea kwa mikono hii. Niliporudi nikakuta amemwambia msimamizi kwamba mstari ule aliuharibu yeye, na kibarua chake kimekwisha.

Hakuwahi kunidai hata shukrani. Alikuwa akisema kila alfajiri huamka na watu wawili ndani yake, mmoja anataka kulala, mwingine anataka jembe. Hampigi yeyote, huwasikiliza kwanza, ndipo anainuka na mmoja. Mjini kwetu siku hizi mtu yuko msibani huku anauza kiwanja kwenye simu, anakula na hajui amekula nini. Nilikuwa nimejiandaa kuwasema sana leo. Mdomo umekuwa mzito.

Kwa sababu alipougua akawa wa kitandani, mimi niliahirisha kwenda. Shamba langu dogo lilikuwa limeiva na mawingu yamekusanyika, kila asubuhi najiambia nikimaliza kuvuna. Jumanne nikaenda, zabibu nimeziacha mtini. Nikaketi, nikamshika mkono. Alinitazama, akauliza, "Umeshafika, mdogo wangu?" Nikamjibu, "Nimefika, dada." Akatabasamu kidogo, maana alinijua. Kisha akasema neno, polepole, nami nikaitikia kwa kichwa, masikio yangu yakiwa dirishani kusikiliza kama mvua imeanza. Haikunyesha. Usiku wa kuamkia Alhamisi akaondoka.

Nakumbuka rangi ya kanga aliyojifunika. Nakumbuka majina ya vibarua wa miaka thelathini. Neno lile silikumbuki. Kwenda si kufika, na mimi nilifundishwa hilo mapema, bure, na mtu aliyelipa badala yangu.

Kama kuna nilipokosea katika kusimulia, waliokuwepo mnisahihishe. Na wewe binti yake, Jumanne ile ulikuwa mlangoni umeshika kikombe cha uji. Kama ulisikia mama amesema nini, mwanangu, niambie. Nitaketi nisikilize.