Bundi Wangu Siku ya Arubaini

Aibu niliyoipata Bagamoyo siku ya arubaini ya mtoto wa mdogo wangu sijawahi kuisimulia mwenyewe, jamani, maana wengine wameisimulia vya kutosha, na kila anayeisimulia anamkuza bundi kidogo, sasa nasikia amefikia ukubwa wa mbuzi.

Alikuwa kinda. Nilimkuta asubuhi nikitoka kwetu Kaole, chini ya ukuta wa magofu, ameanguka, bawa moja linaburuta, siafu wamekwisha kumvamia miguuni, naye ananikodolea macho tu. Nilijua ni bundi (msiniulize, nina macho). Mtu mwenye akili angemweka juu ya ukuta akaenda zake, au angerudi nyumbani akamfunga bawa, akafika kwenye shughuli amechelewa. Mimi nikamtoa siafu, nikamlaza ndani ya pakacha langu, nikamfunika na kijimkeka nilichomsukia mtoto, nikajiambia pakacha nitaliweka pembeni, shughuli ikiisha narudi naye nyumbani, nani atajua?

Kuchelewa nisingekubali. Mdogo wangu, Mwanahawa, alikuwa amezika watoto wawili wachanga, na huyu Hamisi ndiye wa kwanza kufika arubaini. Mimi ndiye niliyechaguliwa kumpokea mlangoni atakapotolewa chumbani, nimbebe mpaka uani wanawake wamwone. Tangu mimba nilikuwa naiwaza siku hiyo (mwenyewe sikujaliwa mtoto). Na mnajua bundi anavyoogopwa kwenye nyumba yenye mchanga, kwamba kivuli chake tu kinaleta degedege. Nilijua pia, ndiyo maana nilimfunika vizuri.

Nikafika, mji umejaa wapagazi wa pembe za ndovu, nikapenya na pakacha langu mpaka mlangoni.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia Bi Tatu, mkwewe Mwanahawa.

"Marahaba, mwanangu. Tunakungoja wewe tu. Lete hilo pakacha."

Akalichukua mwenyewe! Akaliingiza chumbani kwa mzazi pamoja na zawadi nyingine, akaliweka chini ya kitanda alicholala mtoto, nami nikamfuata nyuma nikiomba kinda asinzie.

Ukaletwa udi, chumba kikajaa moshi, na yule kinda, sijui ulimwingia puani, akaanza kufoka, sssss, ndefu, haikatiki. "Nyoka!" akapiga kelele mwanamke mmoja. "Nyoka yumo kwenye pakacha!" Mwanahawa akamnyakua mtoto, wanawake wakakanyagana mlangoni, wanaume waliokuwa barazani wakisoma maulidi wakaja mbio na fimbo, na mmoja alikuwa amekwisha kunyanyua mchi wa kinu juu ya pakacha nilipojirusha mbele yake.

"Msimpige! Si nyoka! Ni bundi wangu!"

Bundi wangu. Ningeweza kusema bundi tu, ningeweza hata kusema sijui ameingiaje, lakini ulimi wangu ukachagua hilo neno moja, la kunifanya mwenye mali.

"Wako?" akauliza Bi Tatu. "Unawafuga?"

"Hapana, mama, huyu nimempata leo leo."

"Ukaona umletee mjukuu wangu."

Nikamtazama Mwanahawa. Alikuwa amemkumbatia mtoto, amenipa mgongo wake wote, ameuelekea ukuta, asinione, wala mtoto asimwone bundi. "Dada," akasema, "nenda. Nakuomba, nenda." Nikaokota pakacha langu nikatoka, na watu walivyonipisha njia, hata bibi harusi hapishwi vile.

Jioni mtoto akashikwa na homa. Watoto hushikwa na homa (na moshi ule!), nayo ikapoa, alhamdulillahi, lakini nani angenisikiliza? Bundi nilimfunga bawa kwa ukindu na manjano, akapona, siku moja akaruka akaenda zake, majirani wakasema nimemtuma kazi.

Simlaumu Mwanahawa. Mtu aliyezika wawili hana nafasi ya kusikiliza habari za siafu. Ninachojuta ni kwamba Hamisi sasa anakimbia, na sijawahi kumbeba hata mara moja. Akiniona anajificha ndani ya kaniki ya mama yake.

Juzi Mwanahawa ameniletea salamu. Amejifungua tena, mtoto wa kike, na anataka mimi ndiye nimpokee mlangoni. Nililia, nisiwafiche. Nimeapa siku hiyo sitabeba pakacha, wala mkeka, wala hata yai; zawadi nitaipeleka baadaye, waseme mimi bakhili. Na magofuni sipiti, nitazunguka kwa njia ya mashamba, maana nikimwona mwingine na siafu wake, najijua. Nitaingia mtaani kwao mikono mitupu, nimeikunjua waione tangu mbali, na nikifika mlangoni isiwe na kazi nyingine ila kumpokea yule mtoto.