Kila Mfupa ni wa Mbuzi

Bondeni kule, katika kijiji kimoja jirani na Mwamgongo, kila mfupa ni wa mbuzi. Ukipasua jiwe, ukakuta mfupa chini yake, unasema "mbuzi", unautupa, unaendelea na nyundo. Hakuna mkutano uliopitisha jambo hilo. Lilijipitisha lenyewe mwaka mmoja baada ya mvua kuuporomosha mlima, watu walipokuwa hawana tena mashamba, wakagundua kwamba mawe yaliyowaua ndugu zao yanatoa kokoto nzuri, na boti za Kigoma zinazifuata mpaka ufukweni.

Winfrida naye alisema mbuzi, tena si mara moja. Mtu asiye na shamba atasema nini?

Jiwe moja tu hakuligusa. Siku ya mvua ile, miaka kumi na miwili iliyopita, alikuwa ufukweni anaanua dagaa, na binti yake Evaline, wa miaka sita, alikuwa amelala ndani ana homa. Winfrida alisikia mngurumo akadhani ni radi. Aliporudi mbio hakukuta nyumba. Alikuta tope, na katikati ya tope limekaa jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Mitaimbo haikulitikisa. Katekista akaliombea kama kaburi. Mumewe alivumilia msimu mmoja, kisha akahamia Kidahwe, akaoa huko, akaleta salamu kwamba hawezi kulala na mwanamke anayeongea na jiwe.

Na kweli aliongea nalo. Kila asubuhi: "Evaline, kumekucha." Kisha anachora upya mstari wa mkaa ubavuni mwake, maana wapasuaji wana desturi yao: jiwe lenye mkaa lina mwenyewe.

Sasa, jiwe hula kuni, wenzangu. Unalichoma siku mbili, tatu, unalimwagia maji, ndipo likubali kupasuka. Basi kijiji kikaupanda mlima na mashoka, na mlima ukabaki na upara. Winfrida peke yake alipanda miti mlimani, juu ya jiwe lake, mistari mitatu, udongo usije ukamshukia mwanawe mara ya pili. Watu walimcheka: "Mama Evaline anamtafutia marehemu kivuli."

Mwaka huu kikaanza kujengwa chumba cha kujifungulia, na bondeni halikubaki jiwe la maana ila hilo. Mwenyekiti wa kitongoji, Elikana, akaja kwa Winfrida pamoja na Castory, aliyepasua naye mawe siku nyingi.

"Habari za kazi, Mama Evaline?"

"Nzuri. Jiwe siwapi."

"Hata hatujakaa."

"Kaeni. Jiwe siwapi."

Castory hakukaa. "Mke wangu alijifungulia ndani ya boti," alisema. "Mtoto akafa taa za Kigoma tunaziona. Wewe una mtoto mmoja chini ya jiwe, umemlinda. Wetu tuliipasua mifupa yao pamoja na mawe, tukasema mbuzi. Nani alituonea huruma?"

"Na mkaa ni wa mpasuaji," Elikana akaongeza. "Asiyelipasua jiwe lake hana mkaa. Jumamosi Castory atalichoma."

Winfrida aliinuka, akaitazama miti yake kule juu.

"Nitalichoma mwenyewe," alisema. "Ila nikimkuta, asitokee mtu wa kusema mbuzi. Nitamzika."

Wakakubali.

Kuni hazikuwapo ila zile. Akaikata miti yake, mistari yote mitatu. Moto ukawaka siku tatu. Siku ya nne wakamwaga maji ya ziwa, ndoo baada ya ndoo, na jiwe likalia, likapasuka katikati. Winfrida alikuwa ameshika kanga mpya ambayo hakuwahi kuivaa, ya kumkunjia mwanawe.

Walipomaliza kuviondoa vipande, wakafukua. Sakafu ya zamani waliikuta. Mbao za kitanda walizikuta, zimelala bapa. Evaline hayupo. Wakachimba tena, kina cha kiuno cha mtu. Mchanga mtupu.

"Tope lilimchukua kabla jiwe halijafika," Elikana alisema taratibu. "Pole, mama."

"Miaka kumi na miwili unatunyima jiwe tupu," alisema Castory, akaokota nyundo yake.

Winfrida aliketi chini, kanga mapajani. Akatazama njia lilikopita tope, kutoka pale alipo mpaka ziwani, na katika njia yote ile hapakuwa na jiwe ambalo mkono wake haujalipasua. Akakumbuka lile la kwanza kabisa, la karibu na kisima, walilolipasua yeye na Castory, na mfupa waliokuta chini yake.

"Castory."

"Naam."

"Mbuzi wetu yule wa kisimani, niliyemtupa ziwani. Alikuwa na urefu gani?"

Nyundo ilisimama hewani. Mlimani, pale miti ilipokuwa imesimama, wingu lilikuwa limeanza kujikusanya.

"Mbuzi ni mbuzi, Mama Evaline," alisema Castory bila kumtazama, akaishusha nyundo.