Skrini Yangu Ilivyotukana Wazazi

Nikiwasimulia hili mcheke taratibu, maana aibu yenyewe bado mbichi, na mjinga wa habari hii ni mimi mwenyewe, wala msitafute mwingine.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule moja ya kata huku Biharamulo (jina sitaji), na shule nzima tuna kompyuta moja. Sasa mwenzangu, Mwalimu Generoza, ana tabia ya kuja kuifungua kwa vidole vyenye mafuta ya karanga ili aangalie mishono ya vitenge. Badala ya kumwambia kistaarabu kama mtu mzima, nikaingia kwenye mipangilio ya skrini, nikapanga kwamba ikikaa dakika kumi bila kuguswa, yapite maneno makubwa mekundu: USIGUSE, MSHAMBA WEWE. Nikajiona nimemkomesha.

Ikafika siku ya mgeni rasmi, bwana mmoja kutoka wilayani, na gari limejaa kompyuta za msaada. Angezikabidhi kwetu akiridhika na somo langu, asiporidhika zinakwenda kwa wenzetu wa Nyakanazi. Wazazi wakajaa ukumbini, wengine wametoka shambani moja kwa moja. Nikaunganisha projekta, somo likatulia ukutani, nikakaa nimekunja nne kama profesa.

Nilichosahau ni utambulisho. Mikutano yetu mnaijua, diwani anamtambulisha mtendaji, mtendaji anawatambulisha wenyeviti wa vitongoji, kila mmoja anasimama, anapunga mkono, anawapa wazee shikamoo zao, kisha anakuja mgeni rasmi mwenyewe, mtu anayeipenda sauti yake kuliko chakula, na kompyuta haijui itifaki.

"Ndugu wazazi," akasema, "tunawathamini sana." Ukutani nyuma yake yakapita: USIGUSE, MSHAMBA WEWE.

Wanafunzi wakacheka. Yeye akadhani amechekesha, akairudia sentensi, na maneno yakapita tena. Kilichotakiwa ni kubonyeza kitufe kimoja tu (kimoja, jamani, na mimi ndiye mtaalamu), lakini akili yangu kubwa ikanituma nikasimame mbele ya projekta niyazibe. Basi yakapita kwenye shati langu jeupe, yakapanda mpaka usoni.

Mzee mmoja mkulima wa kahawa, aliyekaa mbele, akavua kofia, akauliza kwa upole, "Mwalimu, hayo maneno ni yetu sisi?"

"Hapana, mzee wangu, ni ya Mwalimu Generoza," nikajibu kwa sauti, na Generoza amekaa palepale.

Mgeni rasmi akageuka, akayasoma mpaka mwisho, akakunja hotuba yake. "Kumbe hapa kompyuta haziguswi," akasema. "Basi hizi tutawapelekea watakaozigusa." Gari likawashwa, likashika njia ya Nyakanazi na mzigo wake wote.

Siku hizi skrini yangu ikikaa bila kazi inazima tu, nyeusi tii. Nimeapa sitaandika tena kwenye kompyuta neno nisiloweza kumwambia mtu ana kwa ana. Generoza hanisalimii, na haki yake. Kinachoniuma ni kidato cha kwanza. Wanajizoeza kuchapa juu ya madawati, kwenye kibodi nilizowachorea kwa chaki, na juzi binti mmoja, vidole vyeupe kwa vumbi, akaniuliza, "Mwalimu, za kweli zinakuja lini?"

Nikamwambia aendelee kuchapa.